Sigara, Serikali na Mwenye Duka

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama na majirani, katika ukumbi wa mandir yetu, Mombasa, wakati wa sherehe za kutimiza miaka hamsini



Niliombwa nizungumze kwa muda wa nusu saa juu ya jambo lolote lenye manufaa kwa jamii. Huenda wengi wenu mlitarajia nieleze historia ya jengo hili na wazee waliochanga senti zao mpaka likasimama. Historia hiyo ameiandika katibu wetu kwa ufundi kuliko ninavyoweza mimi, na itachapishwa katika kitabu cha kumbukumbu. Kwa hiyo nimechagua jambo ambalo limetugawa tangu mkutano wa mwezi wa tatu, nalo ni yale maduka manne yaliyo mbele ya kiwanja chetu, upande wa barabara.

Mikataba ya wapangaji wa maduka hayo inamalizika mwisho wa mwaka. Baadhi yetu tumependekeza kwamba mikataba mipya ikataze kuuza sigara na tumbaku ya kutafuna. Wengine wamepinga, na hoja yao haifai kupuuzwa. Wamesema hivi: mtu mzima ana hiari yake, na kama kweli sigara ni mbaya, basi ni juu ya serikali kuipiga marufuku, kwa nini mandir ijifanye serikali ndogo? Nimeombwa na pande zote mbili niseme nionavyo. Nitasema, kisha kura ni yenu.

Naikubali hoja ya hiari kuwa na uzito. Dini yetu inafundisha kwamba kila mtu huvuna alichokipanda kwa matendo yake, na majirani zetu Waislamu na Wakristo nao wanajua kwamba hakuna anayeweza kumfungia mwenziwe saumu. Tena mimi ni mfanyabiashara. Kwa miaka arobaini nimeuza unga, mchele, mafuta na sabuni kwa jumla, na sipendi hata kidogo ofisi inayotaka kumwamulia mteja wangu ale nini na avae nini. Mtu wa miaka arobaini aliyesoma onyo kwenye pakiti, akaiona na ile picha ya kutisha, kisha akatoa fedha zake mwenyewe akanunua, huyo amechagua. Mimi sitamfuata mpaka nyumbani kwake kumnyang'anya kibiriti.

Lakini hebu tuulize mtu huyo alichagua lini.

Mwaka 2013 ulifanyika uchunguzi wa matumizi ya tumbaku miongoni mwa wanafunzi wa Kenya wenye umri wa miaka 13 hadi 15. Karibu mmoja katika kila kumi alikuwa akitumia tumbaku ya namna moja au nyingine: wavulana asilimia 12.8, wasichana asilimia 6.7. Mwaka uliofuata walichunguzwa watu wazima, na ikaonekana kwamba watumiaji walikuwa milioni mbili na nusu, yaani asilimia 11.6. Ziwekeni hesabu hizo mbili sambamba, kama tunavyofanya dukani tunapolinganisha daftari na sanduku la fedha. Watoto walikuwa karibu sawa na wazazi wao. Na hao ni watoto ambao kwa sheria ya nchi hii hawaruhusiwi kuuziwa sigara mpaka watimize miaka 18, kama vile wasivyoruhusiwa kupiga kura. Basi ile hiari tunayoitetea kwa ajili ya mtu wa miaka arobaini, mara nyingi ilitumiwa zamani na mtoto ambaye hakuwa nayo.

Mahatma Gandhi, mzaliwa wa Porbandar, ameeleza katika kitabu cha maisha yake jinsi alivyovutiwa na sigara akiwa mvulana wa miaka kama kumi na miwili, yeye na jamaa yake mmoja. Mzee wa ukoo wao alikuwa mvutaji, nao wakawa wanaokota vipande alivyovitupa. Vipande vilipokuwa haviwatoshi, wakaanza kuiba sarafu za shaba za mtumishi wa nyumbani ili wanunue sigara. Yeye aliacha, akamaliza umri wake akiipinga tabia hiyo. Ninachotaka mkione ni njia iliyompeleka pale: kipande kimoja cha kuokota, kisha sarafu moja ya shaba. Hapakuwa na mtu aliyemuuzia mtoto yule sanduku zima.

Ndugu yangu wa kunifuata alianza akiwa na umri wa miaka kumi na minne, katika miaka ya sabini, kwenye kibanda kilichokuwa jirani na shule. Alinunua moja moja, baada ya mchezo wa kriketi. Alipofika miaka thelathini alikuwa akimaliza pakiti nzima kwa siku. Alijaribu kuacha mara nne kwa hesabu yangu. Mara moja alifikisha siku arobaini, akafurahi hata akanunua mfuko wa peremende akawagawia watoto wa mtaa. Siku ya arobaini na moja akarudi. Alipougua koo, daktari alimuuliza amevuta tangu lini, naye akajibu, "Tangu sijaota ndevu." Alifariki akiwa na miaka hamsini na minane. Mjane wake yupo pamoja nasi leo, na nimelitaja jambo hili kwa ruhusa yake. Watu waliokuja matangani walisema, kwa sauti ya chini, kwamba alijitakia mwenyewe. Nimelifikiri neno hilo kwa miaka mingi. Mtu aliyejitakia hajaribu mara nne kujitoa.

Wagujarati tuna neno vyasan. Maana yake ni mazoea yaliyomshika mtu mpaka hana uwezo wa kuyaacha, hata akitaka. Kiswahili kina neno uraibu, na neno hili lina historia ya kupendeza. Leo tunalitumia kwa kila kitu kinachomteka mtu, lakini katika kamusi za zamani uraibu ni ule mchanganyiko wenyewe wa kutafuna: tambuu, popoo, chokaa na tumbaku. Watu wa pwani walikitazama kilichomo mdomoni, wakaona hali ya anayekitafuna, wakaziita zote mbili kwa jina moja. Wataalamu walichukua muda mrefu zaidi. Ni mwaka 1988 ndipo mganga mkuu wa serikali ya Marekani alipotoa taarifa kamili kwamba nikotini iliyomo katika tumbaku humfanya mtu kuwa mtumwa wake, kwa namna ile ile ya heroini na kokeini.

Na je, mnunuzi aliambiwa? Hapa ndipo hoja ya hiari inapopata jeraha kubwa. Mwaka 1950 Waingereza wawili, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walichapisha matokeo ya uchunguzi yaliyoihusisha sigara na saratani ya mapafu. Mwaka 1964 serikali ya Marekani ikatangaza rasmi kwamba uvutaji unasababisha saratani hiyo. Lakini mwaka 1994, miaka thelathini baadaye, wakuu wa kampuni saba kubwa za sigara za Marekani walisimama mbele ya kamati ya bunge la nchi yao, wakaapa, kisha kila mmoja akasema haamini kwamba nikotini humfunga mtu. Mwaka 2006 Jaji Gladys Kessler wa Washington alitoa hukumu kwamba kampuni hizo zilikuwa zimeudanganya umma kwa miongo mingi kuhusu madhara ya bidhaa zao. Mimi nikiuza mchele wenye mawe na kusema ni safi, mteja akavunjika jino, hakuna hata mmoja wenu atakayesema kwamba amevunjika jino kwa hiari yake.

Sasa nije kwa serikali.

Katiba yetu ya mwaka 2010, Ibara ya 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazozihitaji na haki ya kulindwa afya yake. Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Hata kabla ya katiba hiyo, Kenya iliridhia mwaka 2004 Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, na Bunge likapitisha Sheria ya Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007. Sheria hiyo ilikataza kuvuta katika maofisi, mahospitali, magari ya abiria na hata nyumba za ibada kama hii tuliyomo. Ilikataza matangazo. Ilikataza kuwauzia watoto. Tena ilikataza kuuza sigara moja moja: pakiti ni lazima iwe na sigara zisizopungua kumi. Shikeni hilo la mwisho, nitalirudia.

Mwaka 2014 zikatungwa kanuni za kuitekeleza sheria ile. Zilitaka picha za maonyo kwenye pakiti, zilibana mikutano ya siri baina ya wenye viwanda na maofisa wa serikali, na zilimtaka kila mtengenezaji na kila mwagizaji alipe asilimia mbili ya thamani ya bidhaa zake za tumbaku katika mfuko maalumu, kama mchango wa kufidia madhara. Kampuni ya British American Tobacco Kenya ilikwenda mahakamani kuzipinga. Shauri lilianzia Mahakama Kuu, likaenda Mahakama ya Rufani, na hatimaye Mahakama ya Juu, ambayo tarehe 26 Novemba 2019 iliitupa rufaa ya kampuni. Wanachama wengi hapa hawakuifuata kesi ile, nami sishangai, kwa kuwa haikuwa na vumbi la siasa. Lakini kwa maoni yangu ni miongoni mwa kesi muhimu zaidi za biashara zilizowahi kuamuliwa katika nchi yetu. Imeweka msingi kwamba anayetengeneza kitu chenye madhara ana deni, hata kama mnunuzi amekinunua kwa fedha zake na kwa hiari yake.

Serikali nayo ina deni lake. Kila pakiti halali ina stempu ya ushuru wa bidhaa, na fedha hizo zinaingia katika hazina ya taifa. Mimi sisemi ushuru huo ni mbaya. Bei ikipanda, kijana hushindwa kununua, na hilo ni jema. Nasema tu kwamba anayekula sehemu ya faida ya mzigo hawezi kudai hajui kilichomo ndani ya gunia. Wagonjwa wa koo, wa mapafu na wa moyo wanapojaa katika hospitali za umma, serikali haiwezi kuwageukia ikawaambia, "Mlijitakia." Ilikuwa mshirika.

Wako wanaosema, basi ikiwa ni hivyo, ipige marufuku moja kwa moja tupumzike. Nchi ya Bhutan, jirani ya India, ilijaribu. Mwaka 2004 ilipiga marufuku kuuza tumbaku nchini kote. Sigara ziliendelea kuingia kwa magendo kutoka ng'ambo ya mpaka, na mwaka 2021 serikali ikalegeza na kuruhusu tena uuzaji. Sisi wafanyabiashara wa Mombasa, mji wa bandari, hatuhitaji kufundishwa habari za magendo. Kwa hiyo sisimami hapa kuomba marufuku ya nchi nzima. Nipo hapa kuzungumzia mlango mmoja.

Katika mjadala wetu wa mwezi wa tatu tulizungumza kana kwamba mambo ni mawili tu: serikali upande huu, mvutaji upande ule. Tulimsahau mtu wa tatu anayesimama katikati yao kila siku, tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka usiku. Ni mwenye duka. Ni sisi.

Nimesema nitairudia ile sigara moja. Wangapi kati yetu wamepita mtaa wowote wa mji huu wasione pakiti imefunguliwa juu ya meza ya duka, na kibiriti kimefungwa kwa kamba pembeni? Sheria ni ya mwaka 2007. Sababu ya desturi hiyo kuendelea ni hesabu nyepesi. Sigara za pakiti moja zikiuzwa moja moja huleta fedha zaidi kuliko pakiti ikiuzwa nzima. Mnunuzi naye haoni ukubwa wa gharama, kwa kuwa anatoa bei isiyopita chai na mandazi. Lakini tazameni kinachopotea njiani. Picha ya onyo iliyopiganiwa mpaka Mahakama ya Juu imebaki kwenye pakiti, na pakiti imebaki kwa mwenye duka. Mtoto ameondoka na sigara tupu isiyo na neno wala picha. Bei iliyopandishwa kwa ushuru ili imzuie kijana nayo imekatwa vipande ishirini, na kila kipande anakiweza. Juhudi zote za serikali, za majaji na za madaktari zinavunjwa na mkono wa mtu mmoja anayefungua karatasi ya pakiti.

Je, serikali iweke askari katika kila kibanda? Haiwezi, na tusingependa iweze. Ndiyo maana napata taabu kidogo na wenzangu wanaosema mandir isijifanye serikali. Mandir ni mwenye nyumba. Mwenye nyumba yeyote, awe wa dini yoyote, hueleza katika mkataba ni biashara gani inaruhusiwa na ipi hairuhusiwi. Mikataba yetu ya sasa inakataza kuuza nyama na pombe, wala hakuna aliyewahi kusema kwamba tumeuminya uhuru wa mlaji. Atakayetaka sigara ataipata maduka mawili mbele, na huko ataendelea kuwa na hiari yake kamili.

Naomba sasa niingie katika nyumba yetu wenyewe, maana si haki kuzungumzia sigara tukanyamaza juu ya kilichomo mashavuni mwetu. Babu yangu alitoka Charotar, pande za Anand na Nadiad. Wanaoijua wanajua kwamba ni ardhi ya tumbaku. Mashamba yake yamelisha viwanda vya bidi kwa vizazi. Nyumba nyingi za huko zilijengwa kwa fedha hizo, na huenda hata nauli za baadhi ya wazee wetu waliopanda jahazi na meli kuja Afrika. Sitaki kuwadharau. Walakini Gujarat hiyo hiyo ilipiga marufuku gutka mwaka 2012, baada ya kuona vijana wa miaka ishirini wanashindwa kufumbua midomo. Maradhi hayo yapo na madaktari wa meno wa hapa Mombasa wanayajua: nyama ya ndani ya shavu hukakamaa, mdomo hufunguka kidogo kidogo kila mwaka, mpaka kijiko kinapita kwa shida. Mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitangaza kwamba popoo yenyewe, hata bila tumbaku, inasababisha saratani.

Hapa nilisikia mzee mmoja akiguna, naye ana haki. Popoo tunaiweka mbele ya Ganesh, na itaendelea kuwekwa. Tambuu hutolewa katika harusi zetu na katika harusi za majirani zetu Waswahili. Ni heshima ya mgeni, ni adabu ya kale ya pwani hii ambayo sisi na wao tunaishiriki. Sina nia ya kuigusa. Kuiweka popoo katika sahani ya ibada ni jambo moja. Kuilaza shavuni usiku kucha, imechanganywa na tumbaku, ni jambo jingine. Ndiyo maana rasimu ya masharti inataja tumbaku peke yake. Muuza tambuu wetu anaweza kuendelea na tambuu tamu, yenye gulkand na shamari, ambayo hata mimi huipenda baada ya chakula.

Mtaniuliza, na sukari je? Na samli? Swali hili liliulizwa kwa kicheko, nami nilicheka pia, maana tumbo langu linashuhudia. Kisukari kimeingia katika karibu kila nyumba iliyowakilishwa hapa. Lakini jilebi anayoila mtu haimdhuru aliyeketi kando yake. Moshi hauna adabu hiyo. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na zaidi ya milioni moja kati yao hawakuvuta wenyewe: ni wake, watoto na wafanyakazi walioketi chumba kimoja na mvutaji. Waswahili walishasema mchuma janga hula na wa kwao. Tena chakula kina kiasi chake cha salama; sigara ikitumiwa vile vile mtengenezaji alivyokusudia, huweza kuua hata nusu ya watumiaji wake wasioacha. Sijui bidhaa nyingine katika ghala langu yenye sifa hiyo, na ninauza hata sumu ya panya.

Linabaki suala la fedha, ambalo katika jamii yetu halibaki nyuma kwa muda mrefu. Wapangaji wawili kati ya wanne wanauza sigara. Mmoja amenieleza waziwazi kwamba wateja wake wa alfajiri, madereva na mahamali, huja kwa ajili ya sigara, kisha hununua chai, mkate na salio la simu. Anahofia kwamba sigara ikiondoka, nao wataondoka. Hofu yake ni ya kweli, na haifai sisi tuliokaa kwenye viti tupige kura juu ya riziki yake kana kwamba ni hisani isiyo na gharama. Mzigo wa uamuzi wetu usimwangukie yeye peke yake. Ninapendekeza Halmashauri ipunguze kodi ya maduka hayo mawili kwa robo katika miezi sita ya kwanza. Nimekaa na mweka hazina tukapiga hesabu. Upungufu huo hautafika hata gharama ya mapambo ya sherehe hizi. Kwa upande wangu, nitawapa wapangaji hao bidhaa za ghala langu kwa mkopo wa siku sitini badala ya thelathini, kwa muda huo huo. Wauzaji wengine wa jumla waliomo humu ndani wanajua namba yangu ya simu.

Na wale wakulima? Kijana mmoja aliniuliza. Tumbaku hulimwa Migori, Busia, Bungoma na Meru, na mkulima si adui wa mtu. Lakini huko Migori umeanzishwa tangu mwaka 2022 mpango wa mashirika ya Umoja wa Mataifa pamoja na serikali wa kuwasaidia wakulima waache tumbaku na kupanda maharagwe yenye madini mengi ya chuma. Mimi ni mnunuzi wa maharagwe. Nimeshayaulizia.

Neno langu kwa wazee wenzangu wanaovuta, ambao baadhi yao ni marafiki zangu tangu utotoni na wananitazama sasa kwa macho makali. Sikuja kuwaaibisha. Nimekuja na hesabu moja. Yule Doll niliyemtaja alianza mwaka 1951 kuwafuatilia madaktari wa Uingereza, wavutaji na wasiovuta, na mwaka 2004, yeye akiwa na umri wa miaka zaidi ya tisini, yalichapishwa matokeo ya nusu karne. Wavutaji walifariki kwa wastani miaka kumi mapema. Walioacha wakiwa na miaka thelathini waliokoa karibu yote kumi. Walioacha wakiwa na arobaini waliokoa tisa, hamsini sita. Na walioacha wakiwa na miaka sitini waliokoa mitatu. Miaka mitatu, ndugu zangu, ni harusi ya mjukuu. Madaktari wawili wa jamii yetu wamekubali kukaa katika chumba cha nyuma cha ukumbi huu kila Jumapili baada ya arti ya asubuhi, kupima midomo na kuwashauri wanaotaka kuacha, bila malipo, na majirani wa dini zote wanakaribishwa. Mlango wa chumba hicho unafunguka uani, kwa hiyo anayeona haya hatapita mbele ya watu.

Rasimu ya masharti ya upangaji iko juu ya meza ya katibu, kwa Kiswahili, Kigujarati na Kiingereza. Ni ukurasa mmoja. Itapigiwa kura katika mkutano mkuu, Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, saa nne asubuhi. Wapangaji wote wanne wamealikwa, na Mwenyekiti amekubali kwamba wao ndio watakaozungumza kwanza.